Sahani Isiyomfikia Bi Nunu

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mcha Mungu mmoja akiitwa Mwinyikombo, aliyejiwekea nadhiri: siku ya Idi hatatia mkono chakulani mpaka mgeni ametangulia. Na mji wao ulikuwa wa watu wakarimu hasa, wa kunyang'anyana wageni mlangoni mwa msikiti kama kuku wanaogombea mtama.

Idi moja, Mwinyikombo alipotelewa na kiatu katika lile rundo la viatu. Alipokipata na kutoka, wageni wote wamekwisha kuchukuliwa. Akamshika msafiri mmoja mkono, yule akacheka: "Samahani mzee wangu, nimeshakamatwa tangu kwenye hotuba."

Akarudi nyumbani peke yake. Mkewe, Bi Msabaha, alikuwa amekwisha kupeleka sahani za pilau kwa majirani, na sahani zimerudi na sifa tele: mashaallah, mkono wako una baraka.

"Mgeni yuko wapi?"

"Sikupata, mke wangu. Lakini nyuma ya ukuta huu yuko mtu hajaalikwa."

Bi Msabaha akanuna. Nyuma ya ukuta alikaa Bi Nunu, mjane mkongwe asiyeitwa na mtu kwa sababu ya ulimi wake. Idi iliyopita aliiita biriani ya Bi Msabaha uji wa mgonjwa, mbele za watu. Tangu hapo hawakusemezana.

"Nikamwite yule? Afadhali pilau aile paka!"

Mwinyikombo hakubishana. Aliketi kando ya sinia akivuta tasbihi, tumbo likinguruma mpaka linasikika barazani. Kelele Bi Msabaha angezijibu, lakini kile kimya ndicho kilichomshinda. Akajiuliza: mwezi mzima nimefunga, na kinyongo nimekifuturisha kila siku hadi leo. Saumu yangu imefika wapi?

Akajitanda kanga, akatoka.

"Nunu, fungua. Nimekuja kukuita chakula."

"Umepika nini?"

"Pilau."

"Ikiwa mbaya nitasema."

"Lini ulinyamaza wewe? Twende."

Bi Nunu akaketi, akapiga bismillahi, akatia tonge mdomoni. Akatafuna. Akatazama dari.

"Msabaha, haina chumvi."

Damu ikampanda Bi Msabaha. Akachota, akaonja. Hata chembe! Mwezi mzima alipika bila kuonja, akiichunga saumu yake, na asubuhi ya Idi mkono ukafuata mazoea: akapika, akapakua, akagawa mtaa mzima.

"Na wale walionisifu?"

"Walikustahi," akasema Mwinyikombo, taratibu.

"Walikuogopa," akasema Bi Nunu. "Ingefika kwangu sahani, ungejua mapema."

Bi Msabaha akacheka mpaka kanga ikamwanguka. Bi Nunu akaenda kwake, akarudi na chumvi na bakuli la achari ya ndimu aliyoitengenezea Idi bila kuwa na wa kula naye. Wakala mpaka sinia likang'aa.

"Na ile biriani, Nunu?"

"Ile ilikuwa uji kweli."

Basi nanyi mnaosoma: sikukuu mnajaza majamvi kwa wanaowapamba kwa sifa, kisha mnajiita wakarimu. Mtazame ni nani sahani haikumfikia, na kwa nini, mkamwite. Akija na ulimi wake, mvumilieni. Huenda ndiye pekee atakayewaambia kweli. Mwenyezi Mungu azipokee saumu zetu, na pilau ya Bi Msabaha pia, ijapokuwa ilichelewa kutiwa chumvi.