Koti la Nchi ya Theluji

Wapendwa, sogeeni kidogo, na mliokaa karibu na mlango mnisikie. Katika kambi moja ya wakimbizi aliishi baba mmoja aliyekuwa akingoja kuhamishiwa nchi ya mbali, nchi ya theluji. Wakati akingoja, aliingia darasa la ushonaji, ili huko apokelewe kama fundi, si kama mtu wa kuhurumiwa tu.

Mwalimu akasema, "Leo tunashona suruali."

Baba yule akacheka. "Suruali ni ya hapa kwenye joto, mwalimu. Mimi nashona koti."

Akachukua blanketi la nyumbani, akalikata, akashona koti zito lenye kola pana na mifuko kila upande. Niseme kweli, lilikuwa koti zuri.

Mkewe akamwambia, "Baba Mapendo, koti limependeza. Lakini suruali yako imefumuka nyuma. Watoto wa jirani wanakufuata wakicheka."

"Waache wacheke. Huko nitavaa koti, nani ataona?"

"Na hapa je?"

"Hapa tunapita tu, Mama Mapendo."

Siku ya usaili ikafika. Jua linawaka, kuku wamejificha chini ya benchi, na baba yetu anaingia na koti hadi magotini, jasho likimtiririka.

"Mzee, unaumwa?" afisa akamuuliza.

"Hapana, dada. Najizoeza baridi."

"Na kazi yako?"

"Fundi cherehani! Koti hili nimelishona kwa mikono yangu."

"Hongera! Hebu livue niione kazi yako vizuri."

Mnadhani alikumbuka? Mtu akisifiwa, anakumbuka nini? Akalivua kwa furaha, akageuka kulitundika dirishani lionekane vizuri.

Afisa akaweka kalamu mezani.

"Fundi," afisa akasema taratibu, "koti nimeliona. Na suruali je, fundi wake ni nani?"

Mmecheka, nami nimecheka. Lakini sisi tunaoimba kila Jumapili kwamba makao yetu ni mbinguni, tumefumuka wapi? Yule ndugu uliyenuniana naye tangu Pasaka, si amekaa benchi la nyuma yako? Mtoto wako je, akisikia hatua zako mlangoni, anakukimbilia au anakukimbia? Tunasema, "Hapa tunapita tu." Ni kweli, tunapita. Lakini sindano tumepewa hapa, uzi tumepewa hapa, na wanaotupenda wamekwisha kutuonyesha palipofumuka.

Siku ile Bwana ataliangalia koti letu, atatabasamu, kisha atasema, "Sasa geuka."