Kiboko Mteule Atafuta Joka

Hivi nyinyi mnaonisikiliza, mnajua mtu anakuwaje mteule? Hamjui. Basi itikieni.

Paukwa!
Pakawa!
Cheti?
Cha ukutani!
Maji?
Ya mwenye mjomba!

Zamani za juzi, kiangazi kilikausha kila kitu likabaki bwawa moja, na Mteule wa bwawa hilo alikuwa Kiboko. Nani alimteua? Mjomba wake, Tembo. Sivii ya kuombea kazi hana. Hata kuogelea hajui, anatembea chini ya maji kama gunia.

Kila asubuhi wanyama wanakuja na kiu. Kila asubuhi Kiboko anapiga mwayo, hwaaa! anawasimulia mambo ya vitabuni: "Hapo kale shujaa alivumilia miaka saba bila kunung'unika, mwisho akapewa ufalme. Igeni!" Kisha anazama, chubwi! bila kumruhusu yeyote kunywa. Wanyama wanarudi na kiu yao.

Nguchiro naye alikuwa na digrii. Ameandika barua za kazi mpaka kucha zimeisha. Mama yake yuko shimoni, ulimi umekauka kama soli ya kandambili.

"Mwanangu, si ulisoma?"

"Nilisoma, mama. Fasihi."

"Basi itumie, nakufa kiu."

Nguchiro huyo, mbio mpaka bwawani.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mteule."

"Marahaba. Panga foleni."

"Sitaki maji, nina swali tu. Hizo hadithi zako nimezisoma zote, with honours. Mteule hupita majaribio matatu. Wewe ulipita lini?"

Kiboko akakohoa, gho, gho! Wanyama wote wanamtazama.

"Nilipita... kwa simu."

"Ndiyo maana wananong'ona, Mzee. Eti wewe si Mteule wa utabiri, ni mteule wa mjomba."

"Nani anasema?"

"Wivu tu. Wazibe midomo! Mteule wa kweli huacha maji yake, akapanda kile kilima peke yake, jua la mchana, kumtafuta joka. Akirudi, hata Tembo humpigia magoti."

"Hata mjomba?"

"Hasa mjomba."

Kiboko akatoka. Puu, puu, puu, akapanda. Jua likamchoma mgongo, chwaa!

"Joka yuko wapi?"

"Mbele kidogo, Mheshimiwa!" Nguchiro akamwitia toka bwawani. "Shujaa hanung'uniki!"

Huku nyuma wanyama wakanywa, gugu, gugu, gugu. Nguchiro akajaza kibuyu, akampelekea mama. Mama akanywa, akajifuta mdomo.

"Kumbe hiyo Fasihi ina kazi."

"Ina kazi, mama. Mimi ndiye sina."

Kiboko alirudi jioni ngozi imebanduka, joka hakumwona hata mkia. Wanyama, matumbo ndi! wakampokea: "Vumilia, Mheshimiwa!" Kesho yake Tembo akamteua tena: Mteule wa Maji na Majoka.

Hadithi imekauka hapo. Ikiwa tamu, lambeni. Ikiwa chungu, mpelekeeni mjomba.

Funzo lake, watoto: someni kwa bidii, msihoji wakubwa, mvumilivu hula mbivu. Mbichi amekula nani? Msiulize.

Na nyinyi mlio maofisini, mnaotuhubiria ushujaa mkiwa kwenye kiyoyozi: nafasi zitangazeni hadharani, majaribio yabandikeni mlangoni, na wa kwanza kuyafanya muwe nyinyi. Jumatatu. Tuna kiu.