Sungura na Kitabu cha Kiangazi

Sogeeni karibu, na anayetafuna ameze kwanza, maana hadithi hii ina Fisi ndani yake na sitaki aanze kunusanusa kabla sijamwita.

Mwaka huo mvua iligoma. Majani yalikauka, mito ikabaki mchanga mtupu, na nchi nzima ikategemea chemchemi moja iliyotoka chini ya jabali la Simba. Simba mwenyewe alilala juu ya jabali hilo kutwa nzima akiwa amewapa mgongo wanyama wote, kwa sababu alisema kuwatazama walio chini kunamchosha shingo. Basi kila mmoja alikunywa kwa ubavu wake. Tembo walitangulia, nyati wakafuata na kwato zao, na zamu ya wadogo ilipofika palikuwa pamebaki tope la kuchuja kwa meno.

Mwaka huohuo Sungura alipata watoto. Mkewe, Nyamizi, alijifungua watatu chini ya kichaka cha miiba, na lile tope likamharibu tumbo. Maziwa yakaanza kumkauka. Aliwanyonyesha watoto huku amegeuza uso pembeni, wasimwone anavyolia.

"Baba watoto," alimwambia mumewe, "hawa wanataka maziwa, na maziwa yanataka maji safi. Sina la kuongeza."

Sungura alikuwa mjanja, hilo mnalijua tangu mkiwa mnabebwa mgongoni. Lakini mjanja naye ana ugonjwa wake, na ugonjwa wa Sungura ulikuwa mikono isiyotulia. Asubuhi alisuka mkeka. Kabla jua halijapanda alikuwa ameutupa mkeka anafinyanga chungu. Chungu hakijakauka, yuko kwenye ngoma anawamba ngozi. Ngozi haijakaza, hadithi imemjia kichwani, anakimbilia kuichora ukutani kwa mkaa. Ndani ya nyumba yake hukuweza kukaa bila kukalia kazi ya sanaa.

"Una mikono miwili tu, na mmoja unajikunia," Nyamizi alizoea kumwambia. "Chagua jambo moja!"

"Nichague lipi, mke wangu? Nikishika ukindu, ngoma inaniita. Nikienda kwenye ngoma, udongo unanuna."

Siku moja Simba akanguruma kutoka juu ya jabali, wanyama wote wakakusanyika. Alikuwa amechoshwa na ukimya, kwa kuwa wenye kiu hawana mate ya kusifia mtu.

"Nataka kitabu!" alisema. "Kitabu cha picha, cha kiangazi hiki, siku kwa siku, ili wajukuu waje waone nilivyokuwa mkubwa hata mvua ilipokosa adabu. Atakayekitengeneza, yeye na nyumba yake watakunywa alfajiri, kabla kwato hazijatia tope. Na desturi mnaijua. Mtunzi mwenyewe hukisoma kitabu chake mbele ya wote, ukurasa kwa ukurasa, nasi tunamwitikia."

Sungura hakusubiri mkutano uvunjike. Alifika nyumbani anahema, akabandua magome ya mkuyu na kuyaponda mpaka yakawa laini, kisha akayawamba juani kama anavyowamba ngozi ya ngoma. Hayo yakawa kurasa. Udongo wa chungu ukampa rangi nyekundu na nyeupe, mizizi ya manjano ikatoa njano, mkaa ukatoa nyeusi. Ukindu wa mkeka ukawa uzi wa kushonea. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, mambo yote aliyoyapenda yalikuwa yanamvuta upande mmoja, na Sungura alifurahi mpaka akawa anaongea peke yake.

Kila jioni alikaa mahali anapoiona chemchemi yote, akachora siku hiyo ilivyokuwa. Chini ya picha aliandika maneno machache. Hakutia chumvi. Nyamizi alipochungulia na kuona kitu fulani ukurasani, alishika mdomo.

"Mume wangu, hii nayo utaisoma mbele yake?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Ndivyo ilivyokuwa, lakini meno yake pia ndivyo yalivyo."

"Nikidanganya picha moja, hizi nyingine zote zitaninunia," Sungura alisema, akaendelea kuchora.

Asubuhi ya mkutano wa kukisoma kitabu aliipaka migongo ya kurasa ulimbo, akakianika kitabu juu ya jiwe ili kishike vizuri. Angekaa hapo akilinde, hadithi yangu ingekuwa fupi. Lakini ulimbo unachelewa kukauka, na ile ngoma yake ilikuwa nyuma ya nyumba, imelegea upande mmoja. "Nakaza kamba moja tu," alijiambia. Alikaza moja, akaipiga kuisikiliza, akakaza ya pili, akapata mdundo mzuri, akasahau dunia.

Hapo sasa ndipo Fisi alipopita. Fisi huyu alikuwa na njaa akiwa ameshiba na akiwa hajala. Hakujua kusoma hata jina lake; kisomo alijiunga kwa ajili ya uji, na uji ulipoisha naye akaisha. Aliona kitabu juu ya jiwe, akasikia ngoma nyuma ya nyumba, akakumbuka maji ya alfajiri. Alikiweka kwapani na kuondoka kwa mwendo wake ule wa kuchechemea.

Sungura aliporudi alikuta jiwe tupu. Alizunguka jiwe, akachungulia chini yake, akazunguka tena, kisha akaketi akalia. Alilia kwa sababu ya watoto, akalia kwa sababu ya zile jioni zake zote, na zaidi alilia kwa sababu mkewe alikuwa amemwonya mara nyingi kuhusu ile mikono.

Nyamizi alitoka na mtoto kifuani. Hakumgombeza. Alitazama nyayo mchangani, akanusa.

"Fisi," alisema. "Ukimshtaki utasema nini? Atasema chake, utasema chako, na yeye ana taya kubwa kuliko zako."

Sungura alifuta macho kwa masikio yake. Kisha masikio hayo yakamsimama, na nyinyi mnajua masikio ya Sungura yakisimama maana yake nini.

"Simshtaki," alisema. "Naenda kumsikiliza."

Mkutanoni Fisi alikuwa amesimama mbele, kifua kimemtoka, kitabu mikononi. Wanyama walikuwa wanashangaa rangi. Simba, kwa heshima ya siku hiyo, alikuwa amegeuka kuwatazama, na mama yake, bibi kizee mwenye maneno machache na makucha yote, alikuwa amelala kivulini pembeni.

"Mfalme, nimekesha, nimekonda," Fisi alisema. "Mikono imeniota sugu kwa ajili yako. Mimi naomba tu hiyo ruhusa ya maji."

"Kazi nzuri," alisema Simba, ambaye alikuwa ameshaona nywele zake kwenye ukurasa wa kwanza.

Sungura alisogea mbele kwa adabu, mikono nyuma. "Kaka Fisi, hongera sana. Kumbe una kipaji na umetuficha! Tusomee basi, kaka. Sisi tuko tayari kuitikia."

"Kusoma?" Fisi alikohoa. "Mdogo wangu, picha zinajieleza."

"Desturi," Simba alisema. "Soma."

Fisi alifungua ukurasa wa kwanza. Pale Sungura alikuwa amechora uso wa Simba, mviringo, umezungukwa na manyoya ya rangi ya jua. Fisi aliukazia macho. Yale maandishi yalimchanganya, akaitazama picha, na tumbo lake likamnong'oneza.

"Hapa," alisema, "ni pande la nyama. Limechomwa vizuri. Na hizi pembeni ni mafuta yanachuruzika."

Simba alijishika nywele.

"Pande la nini?"

"La... la heshima, Mfalme! Nyama ya heshima!"

"Endelea, kaka," Sungura alisema kwa sauti ya upole kabisa. "Tunafaidi. Na huo unaofuata?"

Ukurasa uliofuata ulionyesha tembo wamejipanga chemchemini, miguu yao mizito imesimama kwa safu. Uso wa Fisi ukang'aa, maana hapo alikuwa na uhakika.

"Haya ni makongoro! Yamepangwa, yanasubiri sufuria. Ya supu haya, hata mtoto mdogo anaona."

"Makongoro ya nani?" aliuliza Tembo mkubwa akishusha masikio.

"Tusimkatize mtunzi," Sungura alisihi. "Funua, kaka, funua."

Fisi alifunua. Alikwishasahau mkutano, alikwishasahau maji. Mate yalikuwa yanamdondoka kwenye pindo la ukurasa. Mbele yake alikuwa amechorwa mama yake Simba, amelala kivulini mchana wa jua kali, miguu ameinyoosha, tumbo limetulia.

"Huu sasa," Fisi alisema kwa sauti iliyotetemeka kwa mapenzi, "ni mzoga. Umenona. Haujaguswa na mtu!"

Bibi kizee alifumbua jicho moja.

"Mzoga wa nani, mwanangu?"

Fisi aliinua kichwa. Alimtazama bibi aliyelala kivulini, akautazama ukurasa, akamtazama tena bibi. Kitabu kikamponyoka.

"Sikukichora mimi!" alipiga kelele. "Nimekikuta juani, kwa Sungura, juu ya jiwe! Mimi nimekibeba tu! Bibi, usiamke, tafadhali, pumzika!"

Lakini bibi alikwishaamka, na Fisi alikimbia kuzunguka jabali huku kofi la bibi likimtangulia kila kona. Wanyama waliokuwa hawajacheka tangu mvua igome walicheka mpaka wakakaa chini.

Sungura alikiokota kitabu, akakikung'uta vumbi, akaanza kusoma. Alisoma uso wa Mfalme ulivyong'aa siku alipogeuka kuagiza kitabu, nao wakaitikia. Alisoma tembo walivyosubiri, wakaitikia. Kisha akaufikia ule ukurasa uliomfanya Nyamizi ashike mdomo, na sauti yake ikapungua.

Sehemu ya chini ya picha ile kulikuwa na wadogo wanachuja tope, na Nyamizi kati yao, mbavu zinahesabika. Juu kulikuwa na jabali, na juu ya jabali mgongo mkubwa wa njano.

Hakuna aliyeitikia. Simba alishuka hatua moja.

"Huyu aliyegeuza mgongo ni nani?"

Sungura angeweza kusema ni mlima. Angeweza kusema ni jua linazama. Alimtazama mkewe nyuma ya umati, amesimama na watoto wao watatu ambao hawakuwa na nguvu hata ya kulia.

"Ni wewe, Mfalme. Nilichora nilichokiona."

Simba alifunua meno. Sungura akaharakisha kufungua ukurasa wa mwisho na kuuinua juu.

"Lakini tazama, Mfalme! Huu ni mtupu. Kiangazi hakijaisha. Wajukuu watakaofunga kitabu hiki watakukumbuka kwa picha itakayokaa hapa."

Simba aliutazama ule weupe kwa muda mrefu. Alipenda sana kuchorwa, maskini, na alichukia sana ule mgongo.

"Basi nichore hapo nikiwa mwema," alisema. "Nimesimama kando ya chemchemi, nawanywesha watoto wa watu."

"Kwa furaha, Mfalme. Ila mkono wangu una kasoro. Unachora ninachokiona tu."

Kila mtu alishusha macho. Bibi kizee alirudi kutoka nyuma ya jabali akihema, manyoya ya Fisi makuchani.

"Kijana amekwambia," alimwambia mwanawe. "Shuka."

Simba akashuka. Aliwarudisha nyati nyuma kwa jicho moja, akasimama kando ya maji yaliyotulia, na akasema kwa sauti iliyomgharimu: "Wadogo kwanza. Wenye kunyonyesha watangulie." Kisha akainua kidevu. "Sungura, upande gani unanipendeza?"

"Huohuo, Mfalme. Usitikisike, naleta rangi."

Nyamizi aliinama akanywa. Alikunywa maji yanayoonyesha mchanga chini, akanywa mpaka akakaa, na watoto wake wakamgombania kifuani. Sungura aliwaona, na rangi nyekundu ikamchuruzikia mkononi bila yeye kujua.

Alichora taratibu mno. Alichora ukucha mmoja mpaka panya wote wakanywa. Alichora sikio mpaka digidigi wakashiba. Jioni ilipoingia alimwambia Mfalme kwamba masharubu bado, na masharubu yanataka mwanga wa asubuhi. Asubuhi Simba akaja mwenyewe, amejilamba nywele, akasimama palepale na kuwaita wadogo. Kesho yake mkia ulikuwa na walakini. Ikawa hivyo mpaka mvua ilipoona aibu ikarudi.

Fisi alikunywa pia, lakini wa mwisho, nyuma ya nyati, tope la kuchuja kwa meno. Na kitabu kikizungushwa nyumba hadi nyumba, watoto huwa wanampelekea wakifungue mbele yake. "Mjomba Fisi," humwuliza, "hapa pamepikwa nini?" Naye hutazama pembeni, akimeza mate.

Kwa hiyo, wewe unayenisikiliza, ukipita mahali ukaona kazi ya mwenzako imeanikwa juani, itazame, isifu, uende zako. Ukiibeba, siku moja utaambiwa usimame mbele ya watu uwaeleze umechora nini, na hapo litakalojibu ni tumbo lako.