Fundo la Mzee Shemweta

Chekeni kwanza, kisha mtuamulie, maana sisi wenyewe tumeshindwa.

Katika ukoo wetu wa Lushoto wako ndugu watatu, kila mmoja na chake. Nakiete ana macho: huona chawa kichwani mwa mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kiondo ana mdomo: aliwahi kumwomba trafiki msamaha mpaka trafiki akamwomba yeye. Hoza ana mikono, na hasemi sana.

Baba wa bibi yao, Mzee Shemweta, ndiye aliyewakamatia Wazungu ndege wa milimani, tangu enzi za Wajerumani. Lakini vitabuni mwao aliandikwa Schemweta, Chemueta na Shemwitter, na wataalamu wakaamini hao ni mabwana watatu, wote wa Ulaya. Bibi alikuwa akisema, "Nikifa kabla baba yangu hajarudishwa, msinililie."

Nakiete akaenda kwenye jumba la makumbusho. Kabatini aliwaona ndege wakavu wa wale mabwana watatu, kila ndege na kikaratasi kilichofungwa mguuni kwa uzi wa mgomba.

"Mbona fundo ni lile lile?"

"Dada, usipumulie kioo," akasema mlinzi.

Kiondo akaenda kwa Dokta Lyatuu, mtaalamu wa jumba hilo.

"Schemweta alikuwa Mjerumani," akasema Dokta.

"Ulionana naye?"

"Alikufa zamani."

"Hata wetu alikufa zamani. Mpaka hapo wako sawa. Fungua kabati, Dokta."

Akasema mpaka chai ikapoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Dokta akafungua, akalinganisha. "Kweli, fundo ni moja. Lakini nani ataonyesha kuwa ni la kwenu?"

Hoza akaitwa. Mzee alikuwa akimshika ndege kwa mkono mmoja, akifunga kwa mwingine na meno. Hivyo ndivyo Bibi anavyofunga mboga hadi leo, na Hoza ndiye mjukuu pekee aliyekaa naye akajifunza. Akafunga fundo kabla Dokta hajavaa miwani. Dokta naye akajaribu, akajing'ata kidole.

Vitabu vikarekebishwa. Bibi akapiga vigelegele, akaahirisha kufa.

Ndipo Dokta akasema, "Nina mdudu mpya, hana jina. Nitampa jina la aliyemrudisha babu yenu. Mmoja tu."

Akamtoa. Alikuwa dundu wa kuviringisha mavi ya ng'ombe.

Hoza, asiyesema sana, akasema, "Ni wangu."

"Wako? Bila macho yangu ungefunga nini zaidi ya mchicha?"

"Na bila mdomo wangu," akasema Kiondo, "mngekuwa mnapumulia kioo mpaka leo."

"Dokta alitaka ushahidi," akasema Hoza. "Maneno alikuwa ameshashiba."

Wakampelekea Bibi kesi. Bibi akasema, "Mimi nimempata baba yangu. Hayo mavi amueni wenyewe."

Dundu bado yuko kwenye kiboksi chake, hana jina. Je, wewe ungempa jina la nani? Na ukishaamua, tafadhali mtajie Dokta herufi moja moja.