Dimbwi Lisilokuwapo

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na mashamba, malori na mihuri, katika Ofisi ya Njia palifunguliwa shauri lenye jina refu kuliko mkia wa mlalamikaji: "Shauri la Unyevunyevu Mdogo Unaodaiwa Kuwapo Shambani kwa Bi Nguchiro."

Unyevunyevu wenyewe ulikuwa dimbwi la tope, zito kama ugali wa msibani, lililotenga shamba na njia ya sokoni. Mavuno yaliyopita, viazi vyake vitamu vilioza kwa kukosa pa kupita. Na mavuno ya safari hii yakioza, wanawe wangekula nini?

Akaenda kwa Kifaru, Mkuu wa Njia.

"Shikamoo, mzee. Naomba mawe ya kutandika dimbwini."

"Marahaba. Dimbwi gani?" Kifaru akakunjua ramani. "Hapa pamechorwa pakavu. Ofisi haijazi dimbwi ambalo halipo."

"Kwa hiyo halipo, mzee?"

"Halipo! Nenda zako, bibie."

Nguchiro hakubisha. Alirudi akakata nyasi kavu, akazitandaza juu ya dimbwi mpaka likapendeza kama mkeka wa harusi.

Siku ya pili yakaja malori mawili yakinguruma, yamejaa mawe ya kusakafia ua wa Mfalme Simba. La mbele aliliendesha Tembo, Kifaru kando yake. La nyuma, Kiboko. Nguchiro alikuwa keshasimama njia panda, kanga kiunoni.

"Jamani, mbona mnauzunguka mlima wote? Mfalme atachoka kungoja! Katizeni hapa shambani kwangu."

Tembo akachungulia. "We mdogo, hapo panabeba?"

"Mie sijui kusoma ramani, baba. Muulize mkubwa wako."

Wote wakamtazama Kifaru. Kifaru akakunjua ramani tena.

"Ni pakavu," akasema. "Kiofisi."

Ngurrr! Lori likaingia. Chubwi! Likazama hadi ekseli. Kiboko akaja na lake kulisukuma. Chubwi! Naye akanasa. Magurudumu vrrr, vrrr! Tope pwaa! usoni mwa Kifaru.

"Lo! Poleni," akasema Nguchiro. "Sisi wenyeji tukinasa hushusha mzigo, tukatandika chini ya magurudumu."

"Turudi nyuma!" Tembo akalia.

"Mtarudije, baba? Kurudi ni kukiri kuna dimbwi. Au lipo, mzee?"

Kifaru akajifuta tope puani. "Halipo. Twendeni mbele."

Basi wakashusha. Nguchiro akaimbisha, "Mawe hayo!" na wakubwa wakaitikia, "Hee!" huku jasho likiwatoka, jiwe baada ya jiwe, mpaka ng'ambo. Malori yakavuka, matupu kama debe.

"Na mawe ya Mfalme?" akauliza Kiboko. "Tuyang'oe?"

"Yang'oeni tu, baba. Akiuliza hili tope la kwenye mawe limetoka wapi, mwambieni mlipita pakavu."

Wakawasha malori, wakaenda zao. Na ofisi ikalifunga shauri: unyevunyevu haukuonekana.

Anayelikataa shimo kwa mdomo, watoto, hulijaza kwa mgongo.

Kilichotokea ni hiki tu: malori mawili yalinasa, wakubwa watatu walitandika mawe, na siku ya soko Bi Nguchiro alivuka na viazi vyake, miguu mikavu.