Vigae vya Nakijwa

Sogeeni, wajukuu zangu, mnipe masikio, nami niwape uongo mtamu.

Hapo kale, milimani Upare, chemchemi ya wafinyanzi ilikauka. Desturi yao ilikuwa kwamba mwanamke akivunja chungu, huvirudisha vigae kwenye shimo la udongo, kwa Mama wa Udongo mwenyewe. Lakini wanawake walianza kuona haya, wakawa wanavificha vichakani.

Kiu ilipozidi, mfinyanzi mmoja, Namsifu, alimpelekea Mama wa Udongo chungu chake kizuri kuliko vyote. Shimo kimya. Nanzia akapeleka kikubwa zaidi, chenye nakshi shingoni. Shimo kimya. Wa tatu alikuwa Nakijwa, ambaye vyungu vyake vilipasuka motoni kila mara. Hakuwa na hata kimoja kizima. Akamwaga kapu zima la vigae, akalia, "Mama, nisamehe. Nilivyo navyo ndivyo hivi."

Ardhi ikatikisika. Akainuka Mama wa Udongo, mrefu kama mlima, mzuri ajabu! Mwili wake wote ulikuwa vigae vilivyoungwa, na begani pake Nakijwa akaziona alama za vidole vya bibi yake. Ila ubavuni palikuwa na tundu, na maji yote yalivujia humo.

"Nimekungoja, mwanangu," Mama akasema. Akaviokota vigae vya Nakijwa, akaliziba tundu. Papo hapo chemchemi ikafurika.

Tangu siku hiyo, mwanamke akivunja chungu hupigiwa vigelegele. Na mimi bibi yenu leo nimevunja cha mboga. Mbona mmenyamaza?