Nani Abaki na Kitabu

Hapo zamani, na anayesinzia asogee mbele nimwone, huko milimani Upare palikuwa na waumini wachache sana. Ungewaketisha wote kwenye mabenchi mawili na nafasi ikabaki. Walikuwa na mwalimu mmoja, Yeremia, na kitabu kimoja tu cha Injili.

Maji ya kijiji yalitoka kwenye ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya kijito, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kumwagilia. Kila kiangazi, kabla ndiva haijafunguliwa, mkuu wa kila nyumba alikunywa funda moja la pombe ya tambiko mbele ya wazee. Mwaka huo waumini walisema hawataweza. Mfumwa, mtawala wa mlima ule, alikasirika. Akamfukuza mwalimu, akaamuru kitabu kitafutwe kichomwe moto, na asiyekunywa asipate maji.

Sasa watazameni watu watatu.

Wa kwanza ni Namkunda, mjane, mbishi kweli kweli. Alisimama mbele ya wazee akasema yeye ni mtu wa Yesu na funda hilo hatalinywa. Zamu yake ikafutwa, mahindi yake yakakauka akiyatazama. Lakini kila ulipoitwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, Namkunda alifika na jembe lake. Alichimba mfereji usiompa hata tone, kisha akawakorogea uji wachimbaji wenzake. Waliomcheka mwanzoni waliishia kumpokea jembe. Nampenda mama huyu, nawaambia mapema, ila msinifuate mimi.

Wa pili ni Mashambo, jirani na muumini mwenzake, baba wa watoto sita. Mwalimu alikuwa amemfundisha kusoma. Mashambo alishika kibuyu, akanywa. Zamu akapewa. Basi kila zamu yake ilipofika, walinzi wa mfereji wakienda kula mchana, alikata ukingo wa mfereji na kuacha nusu ya maji iingie kwenye migomba ya mjane. Msimu wa pili walimkamata, wakamchapa fimbo hadharani. Zamu iliyofuata akakata tena.

Wa tatu hamkumtegemea. Ni Nakiete, mke mdogo wa mfumwa mwenyewe. Alizoea kupita nje ya kanisa lao na mtungi wake wa maji, akitembea polepole mno ili asikie mafundisho. Siku ya msako aliwahi nyumbani kwa mwalimu kabla ya askari, akakichukua kitabu na kukizika ndani ya mtama, kwenye ghala la mumewe. Kingeonekana, angerudishwa kwao na watoto wangebaki. Miaka miwili alinyamaza. Na pombe ya tambiko, mnadhani aliipika nani? Yeye, tena ilisifiwa.

Mwaka wa tatu mfumwa alichoka. Aliwaambia wazee kwamba haoni tena namna ya kumnyima maji mwanamke anayemchimbia mfereji. Mwalimu akaruhusiwa kurudi, lakini barua ya wakubwa wake ikamwita aende mlima mwingine baada ya Jumapili moja tu. Ilibidi kitabu kibaki na mtu mmoja, awaongoze wenzake.

Jumapili hiyo kitabu kilikutwa mezani kanisani, hakuna aliyejua kimefikaje. Mwalimu alipokifungua, punje za mtama zilidondoka. Mfumwa naye alikuwa amekuja kumuaga, ameketi benchi la nyuma na Nakiete. Mwalimu akauliza nani akitunze.

Namkunda alisimama. "Mwalimu, kusoma sijui, na hilo halifichiki. Lakini nilimkiri Bwana wakati kumkiri kulininyima chakula. Nipe mimi, watanisomea wengine."

Mashambo alisimama, macho chini. "Mimi nilikunywa, kila mtu aliona. Lakini msomaji hapa ni mimi peke yangu. Na wapo wenye hofu nje ya mlango huu, ambao hawataingia wakimwona mtu asiyewahi kuogopa."

Kisha Nakiete akasimama, na watu wakashangaa, maana kabla ya siku hiyo hakuwahi hata kuketi humo. "Punje hizo ni za ghala letu. Niliyekificha ni mimi. Sijawahi kusali mbele ya mtu. Nikipewa leo, nitakipokea mbele ya mume wangu."

Mfumwa alinyanyuka. Mwalimu, mzee wa watu, alikumbatia kitabu kifuani kwa woga. Mfumwa alimtazama mkewe kwa muda mrefu, akazitazama zile punje mezani, kisha akaketi tena.

"Endelea, Mwalimu," akasema. "Hata mimi nataka kujua."

Mwalimu alikitoa kwa mmoja wao, na mimi namjua ni yupi, ila leo simtaji. Nanyi mlioketi hapa, mngekiweka mikononi mwa nani, mfumwa akitazama? Je, nani alistahili?